Adui Anapogeuka Mpenzi: Jangwa la Mbali na Nyika ya Maungu katika Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Kisa cha mahasimu wawili wanaokutana mbali na mji, wakapimana nguvu, kisha wakapendana, ni miongoni mwa visa vikongwe katika hazina ya masimulizi ambayo Waswahili waliirithi, wakaitafsiri na kuitunga upya. Wanafunzi wetu wa leo hukifahamu zaidi kupitia riwaya za Kiingereza za njozi, mathalani The Wrath and the Dawn (2015) ya Renée Ahdieh, ambamo binti anaolewa na mtawala kwa nia ya kulipiza kisasi, akaishia kumpenda. Aghalabu wanafunzi hao huuona utanzu huo kuwa kitu kipya kilichotoka ng'ambo. Riwaya yenyewe imejengwa juu ya Alfu Lela u Lela, kitabu ambacho pwani yetu ilikisimulia kabla ya kuwapo kwa idara yoyote ya fasihi.

Makala haya hayakusudii kudai kwamba kila kitu kilianzia kwetu. Hoja yake ni nyembamba zaidi, na huenda isiwafurahishe wote. Tunadai kwamba fasihi ya Kiswahili iliwaruhusu maadui kupendana katika jangwa la mbali tu, yaani lile la Uarabuni ambalo watunzi wengi hawakupata kuliona; ilhali nyika iliyokuwa mgongoni mwao, ambayo mlango wake mmoja ulikuwa Maungu, waliinyima kisa cha namna hiyo. Nyika hiyo ilikuja kuandikiwa njozi zake za mapenzi na wageni, tena kwa Kiingereza, na baadaye sisi tukazisoma njozi hizo kwa Kiswahili tukidhani zinahusu nchi nyingine.

Nyika na jangwa

Maungu ni mlima, na siku hizi ni mji wa barabarani, kusini-mashariki ya Voi katika njia kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Malori hupumzika hapo, na njia ya Kasigau huchepukia hapo. Kabla ya reli, ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, jina hilo lilikuwa na uzito mwingine masikioni mwa wapagazi. Msafara uliotoka Rabai ulipita Samburu ukafika Taru, penye ngurunga, yaani mashimo ya mwambani yanayohifadhi maji ya mvua. Kutoka Taru hadi Maungu hapakuwa na maji ya kutegemewa. Watu walijaza vibuyu, wakatembea usiku ili kulikwepa jua, na waliochoka waliachwa nyuma pamoja na mizigo yao mpaka wenzao wawarudie na maji. Na walipofika Maungu kiu haikuishia hapo. Maji hayakuwa chini. Yalikuwa juu mlimani, katika mashimo ya miamba, na ilimlazimu mtu aliyekwisha kutembea siku mbili aukwee mlima ndipo anywe. Mwaka wa ukame hata hayo yaliweza kukauka. Krapf alipita njia hiyo mwaka 1849 akielekea Ukambani, na Joseph Thomson akaipita mwaka 1883 akielekea Umasaini. Lakini njia haikuwa yao. Ilikuwa ya Waswahili, Wakamba, Waduruma na Wataita waliokuwa wakiipita kwa ajili ya pembe, ng'ombe na nafaka tangu hapo.

Wazungu waliiita nchi hiyo jangwa, na ramani nyingi bado huiita Jangwa la Taru. Kwa kweli si jangwa kwa maana ya mchanga mtupu. Mvua hunyesha, ijapokuwa haina ahadi; miti ya miiba imesongamana kiasi cha kumzuia mtu asione mbele, na mibuyu husimama kama nguzo za jengo lililobomoka. Neno la wenyeji wa pwani kwa nchi hii ni nyika, na tofauti ya maneno haya mawili ina uzito kwa mhakiki. Jangwa la tenzi lina ngamia, farasi, mahema na upeo wa macho. Nyika haina upeo wa macho. Ina miiba na mbung'o.

Zaidi ya hayo, nyika lilikuwa neno la kuwatenga watu. Majirani wa Mombasa waliitwa Wanyika na watu wa mjini, na si kwa heshima. Ni katika miaka ya 1940 ndipo jina Mijikenda, walilolichagua wenyewe, lilipoanza kushika mahali pake. Uungwana ulipimwa kwa umbali wa mtu kutoka nyikani. Kwa hiyo mshairi aliyekaa Pate au Lamu alipoandika juu ya jangwa, alikuwa akiandika juu ya nchi takatifu ya masahaba. Na lau angeandika juu ya nyika, angekuwa akiandika juu ya mahali ambapo, kwa fikra za mji wake, mtu hupoteza uungwana. Maadui wa jangwani ni maadui wenye nasaba. Maadui wa nyikani hawakupewa nasaba.

Mayasa na sharti lake

Mfano ulio wazi kabisa wa kisa tunachokizungumzia ni ule wa Mikidadi na Mayasa, utenzi uliochapishwa na Azania Press mwaka 1932 kutokana na kazi ya Alice Werner. Asili yake ni masimulizi ya Kiarabu ya maghazi, yaani hekaya zilizozuka kandokando ya vita vya mwanzo vya Uislamu, ambazo kwa kiasi kikubwa ni bunilizi na si historia. Mikidadi wa kisa amechukua jina la sahaba Miqdad bin al-Aswad, lakini mambo yanayompata ni ya ulimwengu wa njozi.

Kwa muhtasari, Mayasa ni binti wa ami yake Mikidadi, naye ni mpanda farasi na mpiganaji. Wachumba wanapomjia, sharti lake ni moja: ataolewa na yule atakayemshinda uwanjani. Mikidadi, kijana fukara, ndiye amshindaye. Hapo msomaji hudhani kisa kimekwisha, kumbe ndipo kinaanza. Baba wa binti hamtaki fukara huyu, naye anataja mahari mazito kupita kiasi, kwa matumaini kwamba jangwa litamaliza kazi ambayo upanga wa bintiye haukuimaliza. Mikidadi anaingia jangwani kuitafuta mali, na safari inamfikisha hadi kwa Kisra, mfalme wa Waajemi. Hatimaye Ali bin Abi Talib anaingia katika kisa, na mapenzi na dini vinafika bandari moja.

Wahakiki wengi wameusoma utenzi wa aina hii kama kisa cha ushujaa wa mwanamume na ushindi wa imani. Usomaji huo si wa makosa, ila unamruka Mayasa. Tazama mpangilio wa matukio: kwanza sharti, kisha vita, kisha mapenzi, kisha mahari. Sharti ni la mwanamke. Yeye ndiye aliyeufungua uwanja, na yeye ndiye aliyeweka kipimo. Hata anaposhindwa, anashindwa kwa kanuni aliyoitunga mwenyewe, na kwa sababu hiyo kushindwa kwake ni aina ya ridhaa. Adui halisi wa wapenzi hawa hakuwa uwanjani. Alikuwa nyumbani akihesabu ngamia.

Hata hivyo swali moja linabaki, nalo huulizwa na wanafunzi wa kike kila mara utenzi huu unaposomwa: je, ni lazima mwanamke ashindwe ndipo apende? Jibu linapatikana ndani ya mapokeo hayohayo. Katika hadithi ya Mfalme Umar bin al-Nu'man, iliyo miongoni mwa ndefu kabisa katika Alfu Lela u Lela, mwana wa mfalme wa Kiislamu aitwaye Sharkan yuko njiani na jeshi kwenda kuwapiga Warumi, akakutana na Abriza, binti wa mfalme wa upande wa adui. Wanashikana mieleka mara tatu, na mara tatu mwanamke anambwaga. Mapenzi yanazaliwa kutokana na ushindi wake yeye. Sharkan haoni haya. Anaona ajabu, na kutoka katika ajabu anaingia katika mapenzi.

Lakini angalia mwisho wake. Abriza anafuatana na mpenzi wake hadi Baghdad, na huko baba yake Sharkan, mfalme mwenyewe, anamlewesha dawa na kumnajisi. Anatoroka akiwa mjamzito na kuuawa njiani na mtumwa mweusi. Msomaji wa Afrika Mashariki asiupite kwa haraka ukurasa huo, kwa maana msimulizi anamtupia mtumwa mweusi kosa ambalo mzizi wake umekwisha kuonekana katika kitanda cha mfalme. Kwa hoja yetu, jambo kubwa ni hili: mwanamke aliyekuwa salama mbele ya adui yake porini aliangamia mara tu alipoingia katika nyumba ya mkwe. Mayasa naye alikuwa salama uwanjani, hatari ikamngojea sebuleni kwa baba yake. Katika visa hivi, mahali pasipo watu si mahali pa hatari tu. Ndipo mahali pekee ambapo sheria ya baba haijafika, na kwa hiyo ndipo mahali ambapo wawili wanaweza kukutana kama wawili.

Kwa nini basi watunzi wetu hawakuuchukua uwanja huo wakauleta nyuma ya Mombasa? Kuna sababu ya kimaumbile ambayo wahakiki hawaitaji, pengine kwa kuwa haina hadhi ya kinadharia: farasi hawezi kuishi huko. Mbung'o wa nyika humwua kwa maradhi ya nagana. Jeshi la Uingereza lililopigana Afrika Mashariki katika vita vya 1914 hadi 1918, likiwa na kambi zake Voi na Maktau, lilijifunza jambo hilo kwa kupoteza maelfu ya farasi na nyumbu. Ndiyo maana mizigo ya njia ya Maungu ilikaa vichwani mwa watu. Ushujaa wa Mayasa ni ushujaa wa tandiko na hatamu. Ukimwondoa kwenye farasi, itakubidi umtungie ushujaa mwingine: wa kujua ngurunga ipi ina maji mwezi wa Februari, au wa kuukwea mlima wa Maungu usiku na kurudi na kibuyu kilichojaa. Ushujaa huo ulikuwapo. Haukuwa na bahari ya ushairi ya kuubeba, kwa sababu wenye ushairi hawakuwa wapagazi.

Mke wa Kigala

Itadaiwa kwamba bara haikukosekana kabisa katika fasihi ya kale, na dai hilo ni kweli. Fumo Liongo, shujaa wa Ozi na Shaka, ana uhusiano na bara, nao ni uhusiano wa ndoa. Katika simulizi iliyochapishwa na Edward Steere katika Swahili Tales mwaka 1870, Wagala wanafika Pate kwa biashara, wanamwona Liongo, wanastaajabia nguvu zake na kutamani mbegu yake. Anapewa mke wa Kigala, naye anazaa mtoto wa kiume. (Gala ni jina walilopewa na watu wengine, wenyewe ni Waorma, na hawalipendi.)

Kwa karne kadhaa Waorma walikuwa ndio adui aliyeogopwa kuliko wote na miji ya kaskazini ya pwani. Kwa hiyo hapa tuna vipande vyote vya kisa chetu: mahasimu wawili, nchi kavu, shujaa, na ndoa. Kinachokosekana ni mapenzi. Hakuna mkutano uwanjani, wala hakuna sharti la mwanamke. Mke anatolewa kama chombo cha kupatia mbegu, na tunda lake, yule mtoto, ndiye anayeshawishiwa na mtawala wa Pate kumwua baba yake kwa sindano ya shaba kitovuni. Muhamadi Kijumwa alipoutunga Utenzi wa Fumo Liongo mwaka 1913, na M. M. Mulokozi alipoujumuisha katika Tenzi Tatu za Kale (1999), habari ya usaliti wa mtoto ndiyo iliyobaki kuwa kilele cha kisa.

Linganisha sasa. Katika jangwa la mbali adui anaolewa, na ndoa inafungua mlango wa baraka. Katika bara ya karibu adui anaolewa, na ndoa inafungua mlango wa mauti. Sidhani kwamba hii ni sadfa. Mji uliokuwa ukinunua na kuuza na watu wa bara kila msimu, ukiwaogopa na kuwahitaji, haukuweza kujiruhusu njozi ya kuwapenda. Njozi huhitaji umbali. Jangwa la Mayasa halikumdai mtu wa Lamu kitu chochote. Nyika ilimdai kila siku.

Maji juu ya mlima

Umbali huo walikuwa nao Waingereza. Joseph Thomson alirudi kwao akachapisha Through Masai Land mapema mwaka 1885, na kabla mwaka huo haujaisha H. Rider Haggard akachapisha King Solomon's Mines. Ugomvi wa Thomson na Haggard unajulikana. Thomson alikuwa ameeleza jinsi alivyowastaajabisha Wamasai kwa kuyachomoa meno yake ya bandia. Katika riwaya ya Haggard meno ya bandia ya Kapteni Good yanawaokoa wasafiri wasiuawe. Thomson aliona ameibiwa.

Mimi huvutiwa zaidi na jambo ambalo halikuwagombanisha. Wasafiri wa Haggard wanavuka jangwa, wanakaribia kufa kwa kiu, wanafika kwenye kilima, wanatafuta maji chini wasiyapate, kisha mmoja anauliza kama huenda yako juu. Wanapanda na kuyakuta shimoni. Yeyote aliyesoma habari za misafara ya njia ya Taru atashtuka, kwa kuwa hiyo ndiyo Maungu. Sidai kwamba Haggard aliinakili. Hakuna haja ya dai hilo, kwani maji ya mwambani yako mahali pengi Afrika, naye Haggard alikuwa amekaa kusini mwa bara hili. Ninachosema ni kwamba mpangilio wa kiu na mlima, ambao kwa mpagazi wa Kiswahili ulikuwa uchovu wa kawaida wa kazi, uligeuka huko London kuwa kizingiti cha kuingilia ulimwengu wa ajabu.

Mwaka 1929 riwaya hiyo ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Suleimani, tafsiri ya Frederick Johnson, na vizazi kadhaa vya wanafunzi vikajifunza nathari ya Kiswahili humo. Ndani yake mna mapenzi ya mahasimu pia, au kivuli chake: Foulata, msichana wa nchi ambayo mfalme wake alitaka kuwaua wageni hao, anampenda Good. Haggard anamwua kabla mapenzi hayo hayajawa tatizo, na kabla ya kufa anatiwa kinywani maneno ya kukiri kwamba muungano wao usingefaa. Hapa hakuna sharti la mwanamke, hakuna uwanja. Kuna adui aliyegeuka mpenzi kwa upande mmoja, akaondolewa kwa adabu. Nimeshangaa siku zote jinsi kitabu hicho kilivyosomwa madarasani kwa miaka mingi bila mwalimu kusimama kwenye ukurasa huo.

Thomson naye alijaribu. Mwaka 1888, akishirikiana na mwandishi wa kike, E. Harris-Smith, alichapisha riwaya iliyoitwa Ulu: An African Romance. Mzungu aliyeuchoka ustaarabu wa kwao anakusudia kumwoa msichana wa Kiafrika aitwaye Ulu, kisha moyo wake unageukia kwa binti wa mmisionari. Riwaya haikupata umaarufu, na kwa kadiri ya sanaa haikustahili. Lakini jina la msichana lina habari ya kutupa. Ulu ni nchi. Ni jina la sehemu ya Ukambani ambayo Thomson aliipita akirudi pwani. Mtu aliyevuka nyika hii akarudi kuiandikia kisa cha mapenzi, alipotafuta jina la mwanamke alichukua la eneo.

Bibi harusi wa Utaita

Mtaita anayesoma makala haya atakuwa amekwisha kuuliza swali lake: na sisi je? Maana kati ya Mombasa na Kilimanjaro hapakuwa na miiba tu. Sagalla, Kasigau na Dawida ni milima yenye mashamba, mifereji na watu, na wasafiri waliotoka Maungu wakiwa nusu wafu ndipo walipopata chakula. Lugha za watu hao, Kidawida na Kisagalla, zina nyimbo na ngano zao, nazo hazikungoja Kiswahili.

Katika Through Masai Land Thomson anaeleza desturi ya ndoa aliyoipata Utaita. Baada ya ng'ombe wa mahari kulipwa, msichana hukimbia na kujificha. Mchumba na rafiki zake watatu au wanne humtafuta, na wakimpata humkamata na kumchukua juujuu hadi kwenye nyumba ya mume. Wanaanthropolojia wa baadaye waliipenda sana taarifa hii, kwa kuwa walikuwa wakikusanya mifano ya kile walichokiita ndoa ya kuteka, wakaamini ni masalio ya zama ambapo wanaume waliteka wake kutoka makabila ya adui. Nadharia hiyo imekwisha kupitwa na wakati. Hakuna ushahidi kwamba kila mchezo wa uadui ni kaburi la uadui wa kweli.

Tukiisoma kama wanafasihi tunaona kitu kingine. Huu ni mchezo wa kuigiza wenye majukumu, jukwaa na mpangilio wa matukio. Na mpangilio wake ni kinyume cha ule wa Mayasa. Kwa Mayasa, vita huja kwanza na mahari baadaye; uadui ni mlango, na mali ni kikwazo. Huku Utaita, mali hutangulia na uadui huja mwisho, baada ya wazee kumaliza hesabu yao. Msichana anapokimbia, hawezi tena kuibadili hesabu hiyo. Basi anakimbilia nini? Yako majibu mawili, na sioni njia ya kulikataa mojawapo kwa maandishi tuliyo nayo. La kwanza ni kwamba mbio zake ni heshima anayojipa: anamlazimu mume amtafute yeye mwenyewe kwa miguu yake, si kwa ng'ombe wa baba yake, na kwa muda wa siku hiyo anaurudisha uwanja ambao mahari yalikuwa yameufunga. La pili ni kwamba yako mabinti ambao hawakuwa wakiigiza, na desturi ilikuwa na faida ya kuwafanya watazamaji wasiweze kutofautisha.

Tatizo hili ndilo linaloikabili kila riwaya ya njozi inayomfanya adui kuwa mpenzi, ya kale na ya leo. Msomaji anaombwa aamini kwamba upinzani wa mwanzo ulikuwa sehemu ya mapenzi. Utenzi wa Mayasa unaliepuka tatizo kwa kumpa mwanamke sharti kabla ya pambano. Hadithi ya Abriza inalikabili kwa kumpa ushindi, kisha inatuonyesha unyama wa nyumba ambayo haikujali ushindi huo. Ahdieh analikabili kwa kumpa Shahrazad wake nia ya kuua, ili kuacha kwake kuua kuwe uamuzi. Desturi ya Utaita, jinsi ilivyoandikwa, haitupi sharti, wala ushindi, wala nia. Inatupa mbio tu. Mtunzi wa Kiswahili anayetaka kuiweka njozi yake chini ya mlima wa Maungu ana kazi hiyo ya kufanya, nayo haifanyiki kwa kuazima farasi wa Kisra.

Kuna nyenzo za kumsaidia, lakini haziko Pate. Ziko katika nyimbo za arusi ambazo wanawake wa Dawida na Sagalla waliziimba katika lugha zao, ambazo idara za Kiswahili hazijazihesabu kuwa sehemu ya kazi yake kwa kisingizio kwamba si Kiswahili. Kisingizio hicho hatukukitoa tulipokuwa tukiichambua tafsiri ya Johnson.

Jalada la mwaka 1932 lina majina mawili, Miqdad na Mayasa, la mwanamume na la mwanamke, yamewekwa sawa. Abriza ana jina, na msomaji hulikumbuka hata baada ya kumsahau mfalme aliyemnajisi. Mke wa Kigala aliyemzalia Liongo mwuaji wake anaitwa mke tu katika simulizi ya Steere. Ulu anaitwa kwa jina la nchi. Na yule binti wa Utaita aliyekimbia akajificha, akatafutwa na wanaume wanne au watano, akabebwa mpaka kwenye mlango wa nyumba asiyoichagua au aliyoichagua, katika kitabu cha Thomson ni msichana fulani, na jina lake halimo.